Walezi wa Popo

Nikiwa darasa la tano niliua popo 17 kwa siku moja. Najua idadi kamili kwa sababu kila popo alikuwa na bei. Ilikuwa mwaka 2012, mwaka ule ule Simiyu ilipomegwa na kuwa mkoa na Bariadi yetu ikawa makao makuu, na tuliambiwa mgeni mkubwa atapita shuleni kukagua. Dari la darasa letu lilikuwa limejaa popo. Mkojo wao ulikuwa umechora ramani ukutani, na harufu ilikukaba koo tangu namba ya asubuhi. Basi mwalimu wa zamu akatoa amri: pilipili kavu ichomwe kwenye makopo ya makaa juu ya dari, madirisha yafungwe, na sisi wavulana tusubiri chini na mifagio. Ukiua popo mmoja, unasamehewa ndoo moja ya maji. Kisima kilikuwa mbali, bwana. Nikasamehewa ndoo 17.

Wa mwisho alikuwa na kitoto kimemng'ang'ania kifuani. Nikabishana na mwalimu kwamba hao ni wawili, kwa hiyo nastahili 18. Mwalimu akakitazama, akasema mama na mtoto wake ni mmoja.

Mgeni mwenyewe hakuja.

Nimeanza na habari hii ili wewe msomaji usije ukadhani unasoma maneno ya mtu mwema. Mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama yangu hayataji mbele ya wageni. Tangu hapo najaza kaunta buku kwa riwaya ambazo hazijapata mchapishaji. Na kama si riwaya moja niliyoishindwa, nisingejua lolote juu ya popo zaidi ya bei yao.

Riwaya hiyo niliipa jina la Popobawa. Nadhani kila kijana wa mjini aliyewahi kushika kalamu amelitamani jina hilo. Nilikuwa nimesikia kwa wakubwa habari za mwaka 1995: jinsi jini mwenye bawa la popo alivyozuka Pemba wakati wa Ramadhani, akivamia watu vitandani na kuwadhalilisha, kisha akavuka kwenda Unguja na fununu zake zikafika mpaka Dar es Salaam. Watu walikesha nje, familia nzima nzima, wamezunguka moto. Unguja mjini mtu mmoja aliyekuwa na maradhi ya akili alidhaniwa ndiye Popobawa, akauawa na kundi la watu. Alikuwa amekuja kutafuta matibabu. Huyo ndiye aliyenikaa moyoni, maana jini lilipita na kusahaulika, lakini yeye alikufa kweli.

Kaka yangu ni askari polisi, na mwaka 2024 alikuwa Chake Chake. Akanipigia simu kwamba kama ni kukaa tu, hata kwake naweza kukaa. Mwezi Juni nikapanda basi la Dar, kisha meli, nikashukia Mkoani na begi moja na kaunta buku tatu. Nilikuwa nimepanga kuwahoji wazee juu ya Popobawa. Wazee wa Pemba, kwa adabu yao, walinikaribisha, wakanipa chai na muhogo, na walipojua ninachokitafuta wakabadili mazungumzo. Mmoja tu ndiye aliyenijibu, na jibu lake lilikuwa, "Mwanangu, kama wataka popo, nenda Kidike. Wako maelfu. Wala hawamtafuti mtu."

Kidike iko kaskazini ya Chake Chake, upande wa Ole. Unaiacha barabara, unapita kwenye mashamba ya muhogo na mikarafuu, na kabla hujaona kitu unasikia kelele kama soko la Bariadi siku ya gulio. Kisha unainua macho. Miti imezaa popo. Si vile vidude vyetu vya dari vinavyoenea kwenye kiganja. Hawa mabawa yakikunjuliwa yanakaribia mita moja na nusu, vifua vyao vina manyoya mekundu kama udongo wa kichuguu, na sura, nasema kweli, ni ya mbwa mdogo mwenye akili. Mchana kucha wananing'inia, wanajipepea kwa bawa moja, wanagombana, wanarudiana.

Nilirudi siku ya pili, na ya tatu. Ya nne nikapewa ufagio. Sikuajiriwa, wala hakuna aliyetia sahihi popote. Nilifagia njia ya wageni, niliandika majina yao kwenye daftari, niliwakataza watoto kurusha mawe. Hilo la mawe lilinipa aibu ya peke yangu. Kiswahili chetu kina neno kupopoa, yaani kurusha mawe au fimbo kuangusha kitu mtini, na neno lenyewe lina popo ndani yake. Nilikaa Kidike na kijiji chake miezi mitatu. Historia ya mahali hapo ndiyo iliyonifanya niiweke riwaya pembeni.

Popo huyu hayupo popote duniani isipokuwa kisiwa cha Pemba. Ukoo wake umetapakaa Asia, Australia na visiwa vya Bahari ya Hindi, lakini haujawahi kukaa bara la Afrika. Ulifika mlangoni kwetu, Pemba, na binamu yake akafika Mafia, basi hapo ukasimama. Jina lake la kitabuni linamkumbuka Alfred Voeltzkow, msafiri Mjerumani aliyezunguka visiwa vyetu kati ya mwaka 1903 na 1905. Mwaka 1909 mtaalamu mwingine wa Berlin, Paul Matschie, ndiye aliyemwandika rasmi. Ajabu ni kwamba Wajerumani walishaiachia Uingereza ushawishi wa Zanzibar na Pemba mwaka 1890. Kisiwa wakakikosa, jina likabaki kwa popo. Wapemba walikuwa wakimwita popo tu, na walikuwa wakimla.

Ndiyo, wakimla. Si wote, lakini wengi, na hilo halisemwi kwa kunong'ona. Popo aliye mzito wa nusu kilo ni kitoweo. Alinaswa kwa nyavu zilizotegwa juu ya miti yenye matunda, alipigwa kwa fimbo, na walipozidi watu wenye bunduki, risasi moja kwenye mti uliojaa iliangusha popo wengi kwa mpigo. Na tayari kisiwa kilikuwa kimempunguzia nyumba. Karne ya 19 misitu ya Pemba ilifyekwa kupisha mikarafuu, mpaka ukitaka kuona msitu mkubwa wa asili leo uende Ngezi, kaskazini magharibi. Popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Hesabu ya bunduki na hesabu ya uzazi hazikutani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, waliokuwa wakihesabu walizungumzia maelfu machache tu kisiwa kizima, na mwaka 1996 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile lilimweka kwenye daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Hapa sasa ndipo mwaka 1995 unaponishika mkono tena. Mwaka ule ule ambao watu walikesha nje wakiogopa bawa la popo, kisiwa hicho hicho, kulikuwa na watu wengine waliokuwa wanakaa macho jioni kwa sababu nyingine: walikuwa wanahesabu popo. Watafiti wawili, Abigail Entwistle na Nadia Corp, walizunguka Pemba wakitafuta miti wanakolala, wakapata jumla ya kama 5,000 hivi. Kamisheni ya Maliasili ya Zanzibar ikasaidiwa na Fauna & Flora International ya Uingereza na bustani ya wanyama ya Phoenix, Marekani. Lakini wageni wangefanya nini kama mwenye mti hataki? Kazi iliyofuata ilikuwa ya vijiji na skuli: watoto wakafundishwa juu ya popo, vijiji vikajiwekea makatazo ya kuwinda, na vikaanzishwa vyama vya wenyeji kwa jina ambalo nimelikopa kwa makala haya, Walezi wa Popo.

Neno mlezi nimelitafakari sana. Wangeweza kujiita walinzi au askari wa popo. Mlezi ni yule anayemlea mtoto ambaye si lazima awe wake, na halipwi.

Tena haikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa Pemba kumpa popo hifadhi bila kuiita hifadhi. Baadhi ya makundi yalisalimika miaka ya risasi kwa sababu miti yao ilisimama makaburini na kwenye misitu ya mizimu, ambako hakuna anayekwenda kukata wala kupiga. Watu waliogopa wafu wao, popo wakapona. Na matokeo? Watafiti waliporudi kuhesabu miaka ya 2006 na 2007 walipata zaidi ya 18,000, na mwaka 2008 popo wa Pemba akateremshwa ngazi mbili nzima kwenye orodha ya hatari. Kisiwa cha Rodrigues, upande wa Mauritius, kina hadithi kama hiyo. Popo wake walikuwa hawafiki 100 katika miaka ya 1970, na leo wanahesabiwa kwa maelfu.

Nilikuwa nafikiri kuokoa mnyama ni jambo la dawa na bandeji. Huko Australia wanayo kweli hospitali ya popo, ya Tolga, iliyoanzishwa mwaka 1990 katika jimbo la Queensland. Kila mwaka, kuanzia kama Oktoba, kupe huwang'ata popo na kuwapoozesha. Mama anaanguka chini, mtoto bado ananyonya kifuani. Watu wanaojitolea hupita chini ya miti kuwaokota, watoto hupewa chupa na kuviringishwa vitambaa kama vichanga vya wodini, na wakikua hurudishwa porini. Hakuna anayeruhusiwa kuwagusa kabla hajachanjwa kinga ya kichaa cha mbwa. Nilivyosoma habari zake nilimkumbuka yule wangu wa kumi na saba, nikafunga ukurasa nikaenda kunywa maji.

Kidike hakuna chupa wala wodi. Siku moja, kusi imevuma usiku kucha, tulikuta popo mchanga amelala kwenye majani. Nikamkimbilia kwa mikono. Mzee mmoja wa pale akanizuia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. Popo akiumwa huuma, akasema, na kuumwa na popo ni safari ya hospitali. Akakunja kanga mara nne, akamfunika, akamwinua pamoja na kanga, akamweka kwenye shina la mti juu ya kichwa chake. Kwa nini asimwache apae? Akanieleza kwamba popo hawezi kuruka vizuri akiwa chini. Hujiachia kutoka juu ndipo bawa likashika upepo. Popo akaanza kupanda, kidole gumba kimoja, kisha kingine, kama mlevi anayepanda ngazi. Saa nzima tulisimama pale. Wa pili, wiki iliyofuata, tulimweka hivyo hivyo na asubuhi tukamkuta amekufa chini ya mti ule ule. Yule mzee akamchimbia shimo dogo bila hotuba.

Jioni ndiyo kazi niliyoipenda. Mnachagua upande wa anga, kila mtu na upande wake, na popo wanapotoka mnahesabu mpaka giza linameza. Wanakwenda kula maembe, mashelisheli, kungu, maua ya msufi, wanadondosha mbegu njiani, kwa hiyo wao ni wapandaji miti wasiodai mshahara. Siku ya kwanza nikamwuliza mzee, mama aliyembeba mtoto tunamhesabu vipi? Akasema kwa umbali ule huwezi kumwona mtoto. Andika mmoja.

Nikaandika mmoja. Nadhani hakuelewa kwa nini nimenyamaza jioni nzima.

Niliporudi Bariadi mwezi Oktoba 2024 nilikuwa naitazama nchi yetu kwa jicho jingine, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba miti yetu mingi ni michanga. Sisi tuna makaburi na mizimu yetu, lakini miti yetu ilipitiwa na amri. Miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza iliona mbung'o anaimeza Usukuma. Charles Swynnerton, aliyekuwa bwana wanyamapori wa kwanza wa Tanganyika, aliongoza vita hivyo kutoka Shinyanga, na watemi wakatoa watu kwa maelfu kufyeka pori. Mbung'o hukaa kivulini, ondoa kivuli. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, lakini shoka liliendelea. Baadaye pamba ikataka mashamba mapya, ng'ombe wakaongezeka, na miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini waliyaacha nyuma malisho yao yaliyotunzwa, yale tunayoyaita ngitili. Guku yangu alishika shoka akiwa kijana. Alikuwa akisimulia kwamba walikata mpaka wakati wa kupumzika ulipofika wakakosa mahali pa kukaa kivulini.

Sisemi walikosea kuogopa. Mbung'o aliua ng'ombe, na malale yaliua watu. Nasema tu kwamba mbung'o walipofukuzwa hawakuondoka peke yao. Mbuyu huchanua usiku, ua lake jeupe linanuka kwa ajili ya popo, ndiye mmoja wa wageni wake wakuu; na popo mla matunda akikosa mti wa kulala, mbuyu unabaki unanukia ukutani.

Kufikia miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliona Shinyanga inageuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu waliuita HASHI, nao ulifanya kazi mpaka mwaka 2004, ikiwemo wilaya zetu za Bariadi, Maswa na Meatu. Kitu kilichofanya kazi kuliko miche ya vitaluni kilikuwa kuwaachia watu ngitili zao: zungushia eneo, usilishe, usikate, ngoja. Mwanzoni ngitili zilizobaki zilihesabika kama hekta 600. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilitajwa kuwa zaidi ya hekta 300,000. Mizizi ilikuwa hai chini muda wote huo. Nilipoyasoma haya niliwaona tena watu wa Kidike.

Halafu ikaja Januari 2025.

Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza, akiwa na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, kwamba homa ya Marburg imethibitika Biharamulo, mkoa wa Kagera. Ilikuwa mara ya pili. Mwaka 2023 ilipiga Bukoba na kuua watu 6 kati ya 9 waliougua. Safari hii waliofariki walifika 10 kabla ya kutangazwa mwisho wake tarehe 13 Machi. Msomaji wa mbali ataona hizo ni namba ndogo. Kwetu, mama mdogo wangu ameolewa Biharamulo. Simu ikilia usiku, mama alikuwa anaishika na kuitazama kwanza, haipokei.

Na kila mtu alijua chanzo: popo. Kwenye mtaa wetu kuna godauni la zamani la pamba, halitumiki, na ndani yake popo wadogo wamejaa kwenye mabati na nyufa. Kila jioni wanatoka kama moshi. Vijana wenzangu wakakusanya matairi chakavu na nyasi. Mipango ikawa imekamilika: Jumamosi, milango ifungwe, godauni litiwe moto.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaomba nafasi ya kusema kwenye kikao. Nilitetemeka. Kuandika ni rahisi, msomaji, mezani hakuna anayekukatiza. Nikawaeleza habari ya Kitaka, Uganda.

Kitaka ni mgodi karibu na Ibanda. Mwaka 2007 wachimbaji waliugua Marburg humo, na wataalamu waliowapima popo wa mgodini, aina inayopenda mapango na mashimo, walikipata kirusi hai. Mgodi ulikuwa na popo zaidi ya 100,000. Wenyewe wakaamua kuwamaliza. Wakaziba, wakatega nyavu, na mwaka uliofuata mgodi ukawa mtupu. Kisha popo wengine wakaanza kuhamia, wachache, sehemu ndogo mno ya wale wa kwanza. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka Ibanda na Kabale, mlipuko mkubwa kuliko yote iliyowahi kutokea Uganda. Wataalamu wakarudi mgodini. Kabla ya kuua, popo wenye maambukizi walikuwa kama 5 katika kila 100. Baada ya kuua na wengine kuhamia, walikuwa 13.

"Kwa hiyo unatuambia tulale nao?" akauliza mzee mmoja.

"Hapana, baba. Watoke. Lakini watoke wazima."

Nikaendelea. Nikasema popo wetu wa godauni ni wala wadudu, si wale wa mapangoni waliokutwa na kirusi Kitaka, lakini hata hivyo mtu asiwashike, watoto wasiingie mle, na akiumwa mtu jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 kisha hospitali siku hiyo hiyo. Nikasema moto utaua wachache na kuwatawanya waliobaki kwenye dari zetu wenyewe. Nikawakumbusha na pamba. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini, na kila mkulima pale anamjua funza wa vitumba. Mama wa funza ni nondo, arukaye usiku. Huko Texas, Marekani, watafiti walikadiria mwaka 2006 kwamba popo wa wilaya nane tu wanawaokolea wakulima wa pamba karibu dola 741,000 kwa mwaka kwa kula nondo hao. Hapo wakulima wawili watatu wakaanza kuguna.

Mama yangu alikuwa amekaa safu ya nyuma. Hakusema kitu. Nyumbani aliniambia neno moja: kwamba popo nimewatafutia maneno mengi kuliko mama mdogo. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Siku nne hatukuzungumza.

Kikao kilikubali nusu. Ilikuwa msimu wa kuzaa, wadogo walikuwa hawajaweza kuruka. Ukiziba tundu wakati huo unawafungia watoto ndani wanaoza. Tukakubaliana kungoja mvua zipungue, kisha kuziba usiku wakiwa nje. Usiku wa Jumamosi ile ile, pamoja na makubaliano, mtu akarusha nyasi za moto kupitia dirishani. Sijui nani, na nikijua sitaandika. Tuliuzima mapema. Asubuhi nilijifunga kitambaa usoni, nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikawakusanya kwa koleo. Walikuwa 43. Safari hii niliwahesabu watoto mbali na mama zao, nikawazika nyuma ya godauni.

Mwezi Mei tukaanza kazi. Fundi mmoja wa mtaani alikubali kuifanya bure, mradi tu saruji nitafute. Jioni tatu tulitazama wanatokea wapi, tukaziba nyufa zote isipokuwa moja kubwa, na juu ya hiyo tukaning'iniza wavu mwepesi uliofungwa upande wa juu tu, ili anayetoka ausukume na kupita, na anayerudi asijue pa kuingilia. Wavu uliletwa na mama. Ulikuwa chandarua chake cha zamani. Aliuweka mlangoni, akarudi ndani.

Jioni ya mwisho nilikaa juu ya debe, nikahesabu. Wanatoka kwa kasi, si kama wale wa Pemba wanaopiga bawa kwa raha zao, kwa hiyo huenda nimekosea kwa kumi au ishirini. Wadogo sasa walikuwa wanaruka wenyewe, na hapakuwa na ubishi wa nani ahesabiwe ndani ya mama yake. Walielekea mashariki, upande wa mibuyu. Nikaandika 212 kwenye kaunta buku, chini ya sura ya kwanza ya Popobawa, nikampandishia fundi ndoo ya saruji.